Ningali

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikwenda Mbagala kuhani. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa amefiwa na baba yake. Turubai lilifungwa kati ya nyumba mbili, wanaume tumekaa mikekani, mzee mmoja anagawa kahawa, watoto wa jirani wanapita kwa kunyata kama waliokanywa. Kijana mwenyewe alikaa karibu na mlango, mgongo ukutani, simu ameishika kwa mikono miwili.

Nikachutama mbele yake, nikampa mkono.

"Pole sana, mdogo wangu," nikasema. "Kazi ya Mungu haina makosa."

Akainua macho, akanitazama. Hakujibu kitu. Kisha akayarudisha macho kwenye ile simu.

Nilirudi nyumbani na yale macho. Nimelala nayo, nimeamka nayo, hii ni wiki ya nne. Si kwamba alinikosea adabu. Mfiwa hana kosa. Kilichonikaa ni kwamba macho yale nayajua. Miaka mitano iliyopita mtu aliniambia maneno hayohayo, kwenye mkeka kama ule, na mimi nilimtazama vivyo hivyo.

Na maneno yenyewe nayaamini. Nimeyafikia kwa njia ndefu na leo naweza kuyasema moyo ukiwa umetulia. Basi kwa nini yalipotoka mdomoni mwangu pale Mbagala niliyasikia kama kitu kilichotupwa?

## Simu 11

Mama alikuwa anakaa Makorora, Tanga, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Mimi ni mwanawe wa kwanza wa kiume, nimebeba jina la baba yake, kwa hiyo maisha yake yote aliniita "baba". Presha alikuwa nayo tangu nikiwa sekondari. Sitaieleza presha ni nini. Kila nyumba ina mtu wake.

Miezi miwili kabla hajafariki nilikwenda kumtazama. Asubuhi ya kuondoka nikaingia jikoni kuchukua chupa ya maji. Juu ya friji, chini ya kawa, nikaona pakiti ya vidonge vyake. Nikaigeuza. Kwa tarehe iliyoandikwa juu yake ilitakiwa iwe imekaribia kwisha. Ilikuwa imetobolewa vidonge viwili tu.

Nikatoka nayo ukumbini.

"Mama, dawa hunywi?"

"Nakunywa, baba. Nikijisikia vibaya nakunywa. Sasa hivi mwili mwepesi kabisa, nijitie madawa ya nini?"

Nilijua si sawa. Presha haipigi hodi, na mtu anaweza kutembea nayo miaka akijiona mzima. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, na nilikuwa na siku moja ya ruhusa kazini iliyobaki ambayo ningeweza kuitumia kumpeleka kliniki. Lakini bodaboda ameshafika nje, anapiga honi, gari langu la saa 4 linaningoja stendi. Nikasema, "Basi usiache, mama." Nikairudisha pakiti palepale chini ya kawa. Nikambusu mkono, nikaondoka.

Mpaka leo nausikia ule mkwaruzo wa karatasi ya dawa nilipoigeuza.

Ilikuwa Ijumaa, saa 5 usiku. Mama alianguka akitoka kutawadha. Dada yangu, ambaye ndiye anayekaa naye, hakujua ampeleke zahanati ya jirani au amkimbize moja kwa moja hospitali kubwa, na pesa ya gari hakuwa nayo. Akanipigia. Simu yangu ilikuwa imezimwa sauti, imelazwa kifudifudi mezani, maana siku ile nilichoka na nilitaka usingizi. Alipiga mara 11.

Alfajiri nikaziona zote kwa pamoja.

Nikapanda gari la kwanza. Tulipofika Segera dada akapiga tena, safari hii nikapokea, na namna alivyoanza kuvuta pumzi ikanitosha. Kutoka hapo mpaka Tanga sikumbuki kitu, isipokuwa Muheza, mama mmoja aliyeinua beseni la machungwa mpaka dirishani akaniambia, "Kaka, matamu haya," nami nikawa namtazama tu mpaka gari likaondoka.

Walinisubiri. Tukamswalia baada ya adhuhuri. Niliingia kaburini na wajomba zangu wawili, nikampokea mama kwa mikono yangu, tukamlaza mwanandani.

Alikuwa mwepesi kabisa.

## Barazani

Siku tatu zile watu walikuja kwa upendo, na kila mmoja alikuja na neno. Siku yake ilifika. Imeandikwa. Kazi ya Mungu haina makosa. Nikawaitikia wote. Ndani nilikuwa natokota.

Kama siku yake ilifika, vidonge vilikuwa vya nini? Kama kazi ya Mungu haina makosa, kosa langu mimi liko wapi? Maana lipo. Nililiona kwa macho, nililishika mkononi, nikalifunika kwa kawa. Kila aliyeniambia "imeandikwa" nilimwona kama ananitaka nitoe ushahidi wa uongo juu ya mama yangu.

Sikuacha kuswali. Naliandika hili kwa sababu wapo wanaodhani mtu akikosa utulivu basi imani imemtoka. Aya ya 156 ya Sura ya Al-Baqara, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, niliihifadhi chuoni nikiwa na miaka saba. Niliisoma kila siku ya msiba ule na baada yake. Ulimi ulikuwa unaisoma. Moyo ulikuwa umebaki Segera.

Kisha usingizi ukaniacha. Kila usiku, saa 5 ikigonga, kesi inafunguliwa upya. Ningalikaa dakika kumi tu nikamwona akimeza. Ningalimpeleka kliniki kesho yake. Nisingalizima sauti. Ningalipokea hata ile ya tisa, ningalimwambia dada asipite zahanati. Kila ningali inazaa mwenzake, na alfajiri inakuta familia nzima ya ningali imekaa kitandani kwangu. Wahenga walituambia ningalijua huja nyuma. Hawakutuambia kwamba ikishakuja huhamia.

Na mwenye kesi kama hiyo hutafuta mshitakiwa wa pili. Wiki ya sita nilimpigia dada. Maneno yakavutana, nikamwambia, "Wewe ungalitumia akili, mama angalikuwepo."

Nilimwambia hivyo mtu aliyembeba mama mgongoni mpaka barabarani usiku wa manane.

Akakata simu. Miezi ikapita hatujazungumza.

## Maalim

Mwezi wa nane baada ya mazishi nililazimika kwenda Tanga kwa ajili ya karatasi za nyumba. Nilifikia kwa rafiki, si Makorora. Mchana nikapita Ngamiani, barabara ya 15, na miguu ikanipeleka yenyewe kwenye baraza nililosomea juzuu ya Amma. Maalim yupo. Amepita miaka 80, macho yameingia ukungu, lakini ameketi palepale, juu ya kiti kilekile cha kamba.

"Asalaam aleikum, Maalim."

"Waaleikumu salaam. Nani huyo?"

Sikumaliza kujitaja. Alishanijua kwa sauti, akanipa mkono, akasema, "Kaa, mwanangu. Mama yako alikuwa mtu mwema." Akamwita mjukuu alete chai. Nikajiandaa kusikia yale ninayoyajua.

Akauliza: "Ulikuwa wapi, simu ilipokuja?"

Miezi minane, na watu wote wale waliokuja, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nikamwambia. Nilianza kwa maneno mawili matatu, halafu ikawa siwezi kuacha. Pakiti, kawa, honi ya bodaboda, simu kifudifudi, yule mama wa machungwa, uzito wa sanda mikononi, neno nililomtupia dada. Hakunikatiza. Hakusema "basi, basi" kama watu wanavyosema ukianza kulia. Adhana ya alasiri ikatukuta, tukaswali hapohapo barazani, yeye juu ya kiti, na alipotoa salamu na kumaliza uradi wake akasema, "Endelea."

Nilipofika mwisho akanyamaza kidogo. Kisha:

"Hizo ningali zako umezimaliza?"

"Nadhani, Maalim."

"Tafuta vizuri. Isibaki iliyojificha."

Nikatafuta. Ilikuwako moja. Alhamisi ile, siku moja kabla, mama alinipigia mchana. Nilikuwa kwenye kikao, nikamjibu kwa kunong'ona, "Nitakupigia, mama." Akasema, "Haya, baba." Sikumpigia. Hiyo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Nikaitoa pale barazani, watu wanapita na baiskeli zao, na baada ya kuitoa nikajisikia kama mtu aliyetapika: sina nguvu, lakini tumbo limetulia.

"Sasa," akasema Maalim, "tunaweza kusoma."

## Mkia na kichwa

Akanisomea hadithi ya Mtume aliyoisimulia Abu Hurayra, iliyopokewa na Imamu Muslim. Nilikuwa naijua, nusu. Na nadhani wengi tunaijua nusu, kwa sababu ni nusu hiyo inayosomwa misibani: likikupata jambo usiseme lau ningalifanya hivi ingalikuwa hivi, sema Mwenyezi Mungu amekadiria, na alitakalo amelitenda, kwani "lau" hufungua kazi ya shetani.

"Huo ni mkia," akasema. "Kichwa chake kinasemaje?"

Sikukijua. Akakisoma. Kichwa kinasema muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, na wote wawili wana kheri. Kinasema: kimbilia lile litakalokufaa, umwombe Mwenyezi Mungu msaada, wala usilegee. Baada ya hapo ndipo inakuja habari ya lau.

"Unaona ilivyopangwa? Kwanza hangaika. Ukishahangaika, na jambo likapita, ndipo ufunge mlango. Watu wanaanzia mkiani. Mtu hajahangaika, anasema imeandikwa. Na mwingine, kama wewe, jambo limeshapita, bado anahangaika."

Nikamuuliza lile lililokuwa kooni tangu siku ya mazishi. "Kwa hiyo, Maalim, mimi sikukosea?"

"Ulikosea."

Alilisema bila ukali, kama anavyomsahihisha mtoto aliyeruka herufi. Na sijui nilielezeje: nilitulia. Watu wote walionipenda walikuwa wamenikatalia kosa langu. Huyu alilikubali, akaliweka mbele yetu, likawa kitu chenye ukubwa wake, chenye mwanzo na mwisho.

"Uliona dawa haijaliwa, ukaondoka. Hilo ni kosa, na kosa lina mlango wake. Tubu kwa Mola wako, umwombee mama yako, umtolee sadaka. Ulimdhulumu dada yako kwa ulimi. Hilo nalo lina mlango wake, na mlango upo Makorora, huendi mbali. Lakini kwamba angaliimeza angaliishi, hilo umelijuaje?"

Nikanyamaza.

"Uliloliona kwa macho ni pakiti. Hilo la kwamba angaliishi hukuliona, wala mimi sikuliona, wala daktari hakuliona. Hiyo ni ghaibu. Kosa lako ni la kweli, ningali yako ni ya kubuni, na wewe umevifunga kwa kamba moja, unaviburuta pamoja. Vifungue. Kile cha kweli kitubie. Kile cha kubuni kirudishe kwa mwenyewe."

Sitasema nilisimama pale nikiwa mtu mpya. Nilipokuwa naondoka nilikuwa na wasiwasi kwamba ni hoja ya kunituliza tu, imepangwa vizuri na mzee mwenye huruma. Baadaye nilimuuliza daktari mmoja, uso kwa uso: mama angalimeza vidonge kila siku, asingalipata kiharusi? Akanijibu kwamba vidonge vinapunguza hatari, na vinapunguza sana, lakini havimpi mtu ahadi. Alikuwa anasema kwa lugha ya kazi yake kile alichosema Maalim.

## Mbuzi ya nazi

Niliikuta nyumba ya Makorora jioni ileile. Dada alikuwa uani, amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakuinuka. Nikakaa chini, kwenye sakafu, nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa neno nililolisema, na kwamba nililisema kwa sababu nilikuwa natafuta wa kumgawia mzigo wangu.

Akaendelea kukuna. Kile kifuu kilikuwa kimeshaisha nyama, meno ya mbuzi yanakwaruza gamba tupu, na yeye anazungusha tu.

Kisha akasema, macho chini: "Mimi ndiye nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Nisingalimwacha akatawadhe peke yake. Sakafu ilikuwa na maji, mimi niliyamwaga, nilikuwa nimefua."

Miezi minane dada yangu naye alikuwa na saa 5 yake ya usiku. Mimi nilimwongezea ya kwangu juu.

Tulilia wote wawili pale uani mpaka wali ukaungua.

Kulia kule kulinirudishia swali jingine. Kama kukubali ni kukubali, machozi ya nini baada ya miezi minane? Nilipopita tena kwa Maalim asubuhi kabla ya kupanda gari, nilimuuliza. Akaniambia nikasome Sura ya Yusuf, na nisome kwa ajili ya Yakub, nimwache Yusuf kwanza. Nimeisoma mara nyingi tangu hapo. Aya ya 18, wanawe wanamletea kanzu yenye damu ya uongo, anasema: subira njema. Aya ya 83, anapoteza mtoto wa pili, anasema tena: subira njema. Na inayofuata tu, ya 84, anageuka upande, anamtaja Yusuf, na macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni. Ni mtu yuleyule. Mwenye subira njema ndiye aliyelia mpaka macho yakaingia weupe, na wanawe walipomkanya, aliwajibu katika aya ya 86 kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu.

Sasa soma aya ya 87. Baba huyohuyo, kipofu kwa majonzi, anawaambia wanawe: nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye, wala msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Analia, anaridhia, na anatuma watu wakatafute. Sikuwahi kujua kwamba vitu hivyo vitatu vinaweza kukaa kifuani kwa mtu mmoja.

## Kutoka kadari kwenda kadari

Kabla sijaondoka Maalim aliniuliza nimepima presha lini.

Sikuwahi.

"Mama yako alikuwa nayo. Nenda kapime."

Nikasema kwa kusitasita, maana nilidhani nimeshaelewa somo, "Inshallah, Maalim. Kilichoandikwa..."

Akanikatiza, kwa mara ya kwanza katika siku mbili zile. Akanisimulia habari ya Khalifa Umar bin Khattab alipokuwa anaelekea Sham, yaani nchi za Syria na jirani zake, mwaka wa 18 wa Hijra, ambao ni kama mwaka 639. Alipofika mahali panapoitwa Sargh akapewa habari kwamba kuna tauni mbele. Akashauriana na watu, akaamua warudi. Abu Ubayda bin al-Jarrah, amiri wa jeshi kule Sham, akamuuliza: unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akamjibu: ndiyo, tunakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa ngamia: ukiteremka nao bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na mwingine mkavu, popote utakapowalisha umewalisha kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Abu Ubayda alibaki Sham na watu wake, na tauni ile ndiyo iliyomchukua. Kila mmoja kati ya wale wawili alimcha Mungu. Hakuna aliyemdharau mwenzake.

"Kidonge nacho ni kadari," akasema Maalim. "Kina majani."

Nilipima nikiwa Dar es Salaam wiki iliyofuata. Mashine ikaandika 158 kwa 98. Presha huanza kuhesabiwa kuwa ya juu ikifika 140 kwa 90. Nilikuwa najisikia mzima. Mwili mwepesi, kama mama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima wa miaka 30 hadi 79 wenye presha walikuwa bilioni 1.4 duniani mwaka 2024, na karibu nusu yao hawajui kwamba wanayo. Nilikuwa mmoja wa nusu hiyo, na nimetoka humo kwa sababu mzee mmoja asiyeona vizuri alinituma.

Kila usiku baada ya isha natoboa kidonge kimoja. Ule mkwaruzo wa karatasi nausikia kila siku. Mwanzoni ulinichoma, sasa nasema bismillahi, nameza, namwombea mama.

Saa 5 siku hizi huwa nimelala. Si kila siku.

## Kujua na kuwa

Ndiyo maana Mbagala imenisumbua hivi. Niliyosema ni kweli, na nilimpa kijana yule bila ile njia iliyonifikisha.

Imamu Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa wa chuo cha Nizamiyya cha Baghdad, darasa lake limejaa, na mwaka 1095 ulimi wake ulifunga, hakuweza kufundisha hata neno. Aliacha kazi, akaacha mji. Baadaye aliandika kwamba kujua maana ya afya ni jambo moja na kuwa na afya ni jingine. Tabibu akiugua anajua yote yanayohusu uzima, na uzima hana. Sijilinganishi naye. Ila nikisoma hapo namkumbuka yule mtu wa siku ya kwanza ya msiba wetu, aliyenipa mkono na maneno sahihi, nami nikamtazama kama adui. Alikuwa mzima anayemweleza mgonjwa maana ya uzima.

Pengine na yeye alifika hapo kwa njia yake ndefu, akasahau kuwa ilikuwepo njia. Mimi nilisahau kwa miaka mitano tu.

Nimewaza sana kama maneno yale yaachwe kabisa misibani. Sidhani. Siku ya kwanza watu wanahitaji kitu cha kusema wakati wa kupeana mikono, na bora wataje jina la Mungu kuliko kutaja mpira. Lakini nadhani neno la kuridhia lina zamu yake, na zamu ya kwanza ni ya mfiwa. Yeye ndiye aseme. Akishatoa yote, pamoja na ile iliyojificha, huenda hata asihitaji kuambiwa; huenda akalifikia mwenyewe na kulisema kwa sauti yake. Mimi Maalim hakuniambia hata mara moja kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nilijikuta nikilisema mwenyewe, njiani kurudi, gari limesimama Segera, abiria wanashuka kununua maji. Nilitazama pale mahali ambapo simu ile ilinikuta, nikalisema taratibu, na safari hii moyo ulikuwepo ndani ya gari.

## Jumapili

Jumapili iliyopita nilirudi Mbagala. Turubai limeshafunguliwa, mikeka imerudishwa msikitini, uchochoro umekuwa uchochoro tena. Kijana akanikaribisha ndani, tukakaa kwenye makochi, mama yake akatuletea maji na kashata, akaenda nyuma. Tukazungumza habari za kazini, nani amehamishwa, nani anakaimu. Simu alikuwa ameishika vilevile, mikono miwili.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, siku ile nilikupa neno kabla sijakusikiliza. Nisamehe."

Akatikisa kichwa kwamba hakuna shida.

Nikamuuliza, "Ulikuwa wapi, simu ilipokuja?"

Alikaa muda mrefu. Nyuma ya nyumba mtu alikuwa anachota maji, ndoo inajaa, inanyanyuliwa, nyingine inawekwa. Akaigeuza ile simu kifudifudi pajani, akaigeuza tena.

"Kaka," akasema, "ningali..."

Akakwama.

"Endelea," nikamwambia. Nikavua saa yangu, nikaitia mfukoni.